Miguu ya Mjukuu wa Mpagazi

Jumatano, 26 Juni 1968
Nimeanza shajara. Mwenyekiti lazima aweke kumbukumbu. Mwenyekiti bado sijawa, lakini hilo ni jambo la siku kumi na mbili tu. Sisi mafundi cherehani wa Ng'ambo tumeunda ushirika, na kura ni Jumatatu, siku moja baada ya Saba Saba. Tunaogombea ni wawili: mimi na Yahaya. Yahaya ana mdomo mtamu, na kola hajui kuikata.

Leo kikaoni kasema, mbele ya katibu wa tawi la chama, Ndugu Kornel, kwamba miguu ya Mfaume, yaani mimi, haijui kitu ila pedeli. Watu wakacheka. Damu ikanichemka! Nikasimama, nikatangaza kuwa nitakimbia mbio za Saba Saba, toka kijiji cha Kwihara mpaka uwanja wa mpira wa hapa mjini, kwa niaba ya ushirika. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Miguu hurithiwa! Makofi. Ndugu Kornel akaandika jina langu. Kwa wino.

Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzwa na nyuki, mwaka wa uhuru.

Alhamisi, 27 Juni
Baada ya sala ya alfajiri nikatoka mbio mpaka reli na kurudi. Mbio za nguvu zote tangu mlangoni. Yahaya alikuwa kibarazani kwake anapiga mswaki, nikaongeza kasi. Nikaingia nyumbani kifua mbele. Mwanajuma, mke wangu, akauliza nani kafa.

Ijumaa, 28 Juni
Mama yangu wee! Miundi yote miwili, toka goti mpaka kifundo, kama imepitishwa pasi ya mkaa. Msikitini kusujudu nikaweza, kuinuka ndiyo kazi. Jirani akaniuliza kulikoni. Nikamwambia siku hizi nazidisha dua.

Na kuna mashati ya kijani ya maandamano ya Saba Saba. Ishirini yangu, ishirini ya Yahaya. Nikikanyaga pedeli, machozi. Mwanajuma akaniambia nimpishe. Nikampisha, kwa leo tu.

Jumapili, 30 Juni
Nimekwenda Kanyenye kwa shangazi, Bi Mwanne, mkandaji anayejulikana mji mzima. Shikamoo, marahaba, kisha akabonyeza muundi kwa dole gumba. Nilipiga ukelele, kuku wakatawanyika. Akasema mguu mgeni wa mbio haupelekwi puta. Nipumzike, nikande kwa maji ya chumvi, maumivu yakiisha nianze kwa kutembea, nizidishe kidogo kidogo. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu halijavunjika, linauma tu.

Nipumzike, na Saba Saba ni wiki moja! Wapagazi walipumzika wapi? Nimelifikiria hilo njia nzima, na karibu na nyumbani jawabu likanijia. Mzigo! Wapagazi walikuwa na mzigo. Miguu yangu inauma kwa sababu haina cha kubeba, inarukaruka ovyo.

Jumanne, 2 Julai
Nimetoka alfajiri na jora la kitambaa cha kijani begani, njia ya Kwihara, njia ile ile ya misafara. Nikaimba kidogo. Baada ya maili moja muundi wa kulia ukagoma, wa kushoto ukauunga mkono.

Akanikuta Mayala, mchungaji wa Choma, anapeleka ng'ombe mnadani. Akaniamkia mwangaluka, kisha akauliza hilo jora nimeliiba kwa nani. Alilibeba yeye, kwa mkono mmoja, huku anapiga mluzi. Tukaingia Ng'ambo nyuma ya ng'ombe, mimi wa mwisho. Yahaya yuko kibarazani, anapiga mswaki. Ana meno mangapi mtu huyu?

Jora limejaa vumbi. Mwanajuma kalifua, kalianika. Kisha karudi kwenye pedeli.

Alhamisi, 4 Julai
Sitembei. Nipo mkekani naongoza kazi. Mwanajuma anakata, anashona, anakanyaga toka asubuhi mpaka magharibi. Nikamwonya kuwa kola imekwenda upande. Akasema ama nishone ama ninyamaze.

Watu wanakuja kunipa pole, wakifika wanamtazama yeye. Ndugu Kornel kanipa pole ya haraka haraka, halafu nusu saa nzima anageuzageuza mashati.

Na Yahaya! Kashona mashati matatu tu. Kumi na saba kayaleta kwa Mwanajuma, akiwa na tabasamu. Nilimkataza mke wangu asimsaidie. Akasema maandamano hayawezi kungoja ugomvi wetu.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba
Lori limetupeleka Kwihara. Filimbi ikalia. Nikaongoza! Wallahi niliongoza, mpaka kona ya kwanza. Kisha nikakaa chini kando ya njia, na wote wakanipita, hata mzee mmoja aliyevaa makubazi.

Jioni Bi Mwanne kaja kunikanda. Nikalia kuwa nimemwaibisha babu. Akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Akasema babu yangu Bagamoyo hakufika. Alifika Tura tu, hata robo ya njia bado, miundi ikavimba, msafara ukamwacha. Binti mmoja wa pale akamkanda, na binti huyo ndiye bibi yangu. Habari za bahari alizisikia kwa wenzake walipokuwa wanarudi.

Nilimsogezea bakuli lake. Kisha nikamwomba asimwambie mtu kabla ya kura.

Jumatatu, 8 Julai
Kura za kunyoosha mikono. Yahaya: miwili, wake na wa mdogo wake. Mimi: mmoja. Nilitazama nyuma, nikatazama tena. Mmoja.

Ndipo Ndugu Kornel akasimama, akasema maandamano yalipendeza, mashati yote yalikuwa na kola zilizonyooka, na sote tunajua yalishonwa na nani. Akamtaja Mwanajuma, naye mwanachama, amekaa nyuma. Mikono yote iliyobaki ikapanda. Wa Yahaya pia!

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amevua ndara, miguu imemvimba kama mkate wa kumimina. Siku kumi za pedeli, na mimi sikuwahi kuitazama hata mara moja. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nyumbani nikachemsha maji ya chumvi, nikamkanda mwenyewe. Akasema taratibu, mwanachama.

Jumanne, 9 Julai
Amri ya kwanza ya mwenyekiti: Mfaume ni wa vifungo, akiwa amekaa.

Vifungo vinampa mtu nafasi ya kufikiri. Kosa nimeliona. Jora ni jepesi mno! Wapagazi walibeba pembe. Mayala ana gunia la karanga, nimeshamwagiza. Kesho alfajiri naanza, kwa kasi ile ile, na Yahaya atameza mswaki.

Nimemwomba Ndugu Kornel aandike jina langu kwa Saba Saba ijayo. Kaandika. Safari hii kwa penseli.