Kifaru cha Kwanza cha Taifa

Kwa heshima na taadhima, Kiwanda cha Taifa cha Silaha kinautangazia umma kwamba nchi yetu imeunda kifaru chake yenyewe. Mimi ni msemaji wa kiwanda. Nilikuwepo.

Zamani tulitengeneza masufuria. Serikali ya kwanza ikatuagiza tutengeneze silaha. Ya pili ikabadilisha kibao cha getini. Ya tatu ikaunda kamati ya kuchunguza kibao. Masufuria yakaendelea kutoka, ila vitabuni tuliyaandika "kofia za chuma, zenye mfuniko."

Siku ya uzinduzi, fundi mkuu, ambaye pia ni mama mkwe wangu, alimfuata Waziri wa Ulinzi.

"Mheshimiwa, kinarudi nyuma tu. Gia ya mbele bado."

"Nyuma nako ni mahali, mama."

"Na breki bado."

"Breki ni fikra za kushindwa." Akanigeukia. "Msemaji, andika: kifaru cha kujihami."

Nikaandika.

"Mkwe wangu, mzuie huyu mtu," mama akaninong'oneza.

"Mama, mimi ni msemaji, si mzuiaji."

Waziri akapanda, akasimama juu, akapiga saluti. Kifaru kikanguruma na kupita jukwaani kinyumenyume. Bendi ikapiga, watu wakashangilia hadi sauti zikawakauka. Getini dereva akaruka. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Kifaru kikashika mteremko, na mwisho wa mteremko ndio mpaka. Waziri sasa alipiga saluti kwa mikono miwili.

Kikavunja kizuizi, kikatumbukia kwenye bwawa la bata la nchi jirani. Yaliyosemwa huko tuliletewa kwa maandishi.

"Mimi ni Waziri wa Ulinzi!"

"Umekuja kutuvamia?" askari wa mpakani akauliza.

"Sikutaka kuja!"

"Basi. Mvamizi hutanguliza uso. Wewe ulikuwa unaitazama nchi yako huku unalia. Wewe ni mkimbizi. Pole sana, ndugu."

Akapewa blanketi na namba.

Alasiri jirani akatuandikia: mnamtambua? Tukaitisha kikao cha dharura. Tukisema ni waziri wetu, tumevamia nchi ya watu, na silaha yetu pekee imo bwawani mwao.

"Semeni ukweli, jamani," akasema mama mkwe, aliyealikwa kama mtaalamu.

Tukamshukuru kwa mchango wake, tukapiga kura. Jibu nilisaini mwenyewe: serikali haimfahamu mtu huyo, ila inampongeza jirani kwa ukarimu.

Nasikia Waziri amekata rufaa kupinga kuitwa mkimbizi. Ofisa wa wakimbizi hana neno, ni mtu mwema. Amemwambia alete tu barua ya utambulisho, iliyosainiwa na waziri wa nchi yake.