Motokari Inayochemka Ifungwe Pamoja Nami

Kwa Bwana Mkubwa, Bomani,

Shikamoo, pamoja na heshima zote. Mimi ni Kelestini, mwangalizi wa ile motokari kuukuu ya serikali hapa Ifakara. Nakuandikia nikiwa mahabusu kwa amri ya Akida wetu. Kesho nitachapwa viboko kwa kosa la kushika maji. Kwa kuwa Bwana ni mpenda haki, naomba motokari nayo ikamatwe, kwa sababu hizi:

1. Ndiyo iliyoanza. Tulikuwa tunatoka Mofu, Akida amelala kiti cha nyuma, mashine ikachemka, ikafuka mvuke, ikazima. Nikatazama mkanda wa feni, mzima. Mafuta yapo. Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikaungua mkono, na ndani kukavu kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Rejeta ina ufa chini, imevuja njia nzima.

2. Tangu vita viishe, Akida amekataza mtu kubeba maji kwenye kibuyu njiani, asije akawagawia watu dawa ya kuzuia risasi. Ndoo ya motokari anaogea yeye nyumbani kwake. Kwa hiyo niliazima kibuyu cha Mama Brigita, mwenye shamba kando ya njia, nikachota mtoni. Sasa hapo mshawishi ni nani, mimi au aliyekuwa na kiu?

3. Nilipomimina, ikanguruma. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga wakaja mbio na vibuyu, wakiomba yaliyobaki, mmoja kwa ajili ya mbuzi wake mgonjwa. Nikawaambia ni maji ya mto tu. Wakanikonyeza, eti wameelewa. Akida akaamka wakati huohuo.

4. Akida ananiita mganga wa maji. Bwana, kaka yangu Theodori alipakwa maji yale akaenda kukabili bunduki. Hatukurudishiwa hata nguo yake. Mimi nayachukia maji yale kuliko Akida anavyoyaogopa, na kuhesabiwa pamoja na waliomdanganya kaka yangu kunaniuma kupita viboko.

5. Basi motokari ifungwe minyororo, ihojiwe. Ikinyamaza, ichapwe, na ianze yenyewe kabla yangu. Mto Kilombero nao ulitoa maji bila kibali. Askari wakijipanga kuanzia hapa hadi Mlimba, nadhani wataweza kuukamata.

Nisalimie Bibi Mkubwa, makarani wote, askari wa zamu, na punda wa boma, ambaye hajawahi kuchemka.

Ni mimi mtiifu wako,
Kelestini

Nyongeza: Tafadhali Bwana, usiyasome hayo ya juu. Akida alikuwa anaondoka kuja kukulaki kivukoni, motokari imechemka hapa mbele ya mahabusu. Namwona dirishani akimimina maji kwa kibuyu, huku akiibembeleza kwa kunong'ona. Imewaka. Watu wamejipanga mstari, na askari atakayenichapa yumo, kashika kibuyu chake. Naomba nisifunguliwe. Bwana akifika kumtafuta mganga, nataka anikute nimefungwa.