Ng'ombe Mwekundu wa Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Juni 2013
Ng'ombe kapotea tangu jana. Kamba imekatika malishoni. Mmoja tu ninaye, kaniachia marehemu mke wangu. Mwekundu kabisa. Kutafuta kwa miguu ni kazi ya wajinga. Nitabandika tangazo. Picha ipo kwenye simu ya binti yangu Oliva.

Jumanne, 4 Juni
Stesheneri, Katesh. Letisia, mwenye duka, kafungua picha kwenye kompyuta. Ng'ombe anawaka kuliko mwenyewe! Letisia akasema kioo cha kompyuta kinachanganya mwanga, karatasi inachanganya wino. Lazima abadilishe rangi ziwe za wino, ndipo aprinti. Akabadilisha. Ng'ombe akafifia. Nikasema rudisha.
"Baba, hiyo inayowaka wino hauiwezi."
Nikasema mimi sijapoteza ng'ombe mgonjwa. Toa hivyo hivyo, kumi.
Zimetoka kahawia. Kahawia ya udongo! Nimebandika zote. Ng'ombe ni ng'ombe.

Alhamisi, 6 Juni
Patriki wa Masakta kaniletea ng'ombe aliyemkuta akizurura. Wa kahawia, sawasawa na tangazo. Si wangu. Ila mnene, kiwele hiki hapa! Nikatazama ng'ombe. Nikatazama karatasi. Nikasema ndiye.

Ijumaa, 7 Juni
Kaja Yoakimu katekista, tangazo langu mkononi. Anasema yule ng'ombe ni wake. Anauliza nilimpiga picha lini, wizi nilianza kuupanga lini. Mbele ya mtendaji wa kijiji! Nikasema wa kwenye picha ni mwekundu. Mtendaji akatazama karatasi. Akanitazama mimi. Kasema huyo mwekundu aonekane kabla ya Jumapili jioni, la sivyo polisi. Yule mnene kaondoka na Yoakimu.

Jumamosi, 8 Juni
Kwa miguu mpaka Gendabi. Magoti yamekwisha. Nimemkuta! Yumo zizini kwa mzee Sulle, mfugaji, wiki nzima. Nikampa shikamoo, nikauliza mbona hakuniita, na tangazo limebandikwa njiani hapo kwake.
"Nimeliona," akasema. "Nikamwonea huruma mwenye huyo wa kahawia. Huyu mwekundu."

Jumapili, 9 Juni
Mtendaji kamwona ng'ombe, kaniachia. Ila kanisani Yoakimu hakunisalimia, na watu wakasogea benchi la nyuma. Hapana. Kesho kwa Letisia. Tangazo jipya: mimi si mwizi. Oliva kanipiga picha na ng'ombe wangu, mchana, jua kali. Kwenye simu tunawaka wote wawili.
Letisia asiguse rangi.