Nyumba-Gari ya Mwinshehe na Fremu ya Bi Thuraya

Mwinshehe aliposikia kwamba Bi Thuraya, muuza nguo za watoto kule Mbezi Luis, anatafuta gari la kubadilishana na fremu yake ya duka, moyo ulimruka. Udalali wa miaka yote ulikuwa haujampa hata pa kuweka kiti. Akiba yake ilikuwa imezama kwenye nyumba-gari kuukuu, yenye kitanda, jiko na choo, aliyouziwa na mzungu mmoja mwenye haraka ya kuondoka nchini. Aliinunua kiangazi. Masika yalipofika akagundua kwamba paa lilikuwa la mapambo.

Sasa masika mengine yalikuwa yananukia. Mwinshehe akaiandaa kwenye gereji ya Chang'ombe kwa heshima ya mtu anayeosha maiti. Ukuta uliooza kwa unyevu ukabandikwa karatasi ya maua. Sakafu iliyobonyea ikatandikwa zulia. Matairi yaliyopasuka ubavuni kwa uzee yakapakwa dawa yakang'aa, na harufu ya ukungu ikafukiziwa udi.

"Shikamoo, mama," akamlaki Bi Thuraya alipofika gereji kuikagua.

"Marahaba, mwanangu. Udi wote huu, kuna harusi?"

"Mie napendaga usafi tu, mama."

Bi Thuraya alishika ukuta. Mwinshehe akakohoa kwa nguvu. "Mama, hebu ona jiko!"

"Nimeliona. Linawaka hili gari?"

"Injini ya Kijerumani, mama. Haipendi kukurupushwa."

"Likigoma, linasukumika?"

"Vijana wanne tu, linateleza!"

"Basi nalichukua."

Mwinshehe alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, ikapita.

Fremu ilikuwa kando ya barabara kuu, imepakwa chokaa mbichi hadi inaumiza macho. Mwinshehe aliipapasa, kiganja kikabaki cheupe, akajipangusa kwenye suruali. Hakuuliza kitu. Wakaandikishana kwa mjumbe siku hiyohiyo, kila mmoja akimharakisha mwenzake na kutupia jicho mawingu.

Kesho yake mvua ikamwagika. Mwinshehe alikaa ndani ya fremu yake akicheka peke yake, akimfikiria Bi Thuraya akihangaika na ndoo. Ilipokatika akatoka nje kuitazama mali yake. Chokaa ilikuwa inatiririkia mtaroni. Ukutani, kwa rangi nyekundu, ilisimama X ndefu kumzidi, na chini yake neno moja: BOMOA.

Alimkuta Bi Thuraya hatua chache mbele, kwenye kiwanja cha jirani. Nyumba-gari ilikuwa imefunikwa turubai, kitanda kimetolewa, na vigauni vinaning'inia hadi mlangoni.

"Umeniingiza mjini, mama!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Ile fremu inabomolewa!"

"Marahaba. Na gari lako limeoza. Kidole kilizama ukutani nikanyamaza."

Mwinshehe alitaka kulia. "Sasa ulijua ni bovu, ukalichukulia nini?"

"Wabomoaji wakija hapa na rangi yao nyekundu, naita vijana wanne. Si ulisema linateleza?" Bi Thuraya akamsogeza kando taratibu. "Pisha mlango, baba, wateja wanapita."