Tafsiri Yangu kwa Enesi

Jumatatu, 2 Juni

Tumemzika Mika, mpangaji mwenzangu, chumba kinachopakana na changu. Miaka hamsini na moja. Hana mke, hana mtoto anayejulikana. Alikufa Jumatano, tukamkuta Ijumaa. Redio yake ilikuwa bado inaimba, ndiyo maana nilidhani yu mzima. Niligonga ukuta mara mbili apunguze sauti. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Makaburini tulikuwa watu tisa. Fundi Asajile, yule seremala mwenye upara aliyefiwa na mkewe, alitengeneza jeneza bila kuombwa. Sifa zote kwake! Mimi nilileta spika. Hakuna aliyesema hata asante.

Nimerudi nikakaa kitandani na viatu. Nina miaka arobaini na tisa. Mke wangu aliondoka na dereva wa lori, huu mwaka wa kumi na mbili, kaenda Lusaka au mbele zaidi. Nikifa usiku huu nitakutwa lini? Banda langu la video likifungwa siku mbili, watasema DJ Ezron kalewa. Siku ya tatu watasema kahama. Naogopa. Nimeamua kuoa.

Jumanne, 3 Juni

Nimempata. Ni Enesi, anayeuza uji na maandazi getini kwetu hapa Chapwa. Miaka arobaini na nne, mjane, hana makuu. Alikulia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, kwa shangazi yake, akasoma huko mpaka akamaliza shule. Mpaka leo akihesabu maandazi anahesabu kwa Kiingereza. Inapendeza sana.

Kila asubuhi nikifungua mlango anainua kichwa, ananitazama, kisha anarudi kwenye sufuria yake. Nadhani ni lile shati langu la bluu.

Kikwazo ni Asajile. Kila siku yuko pale, vikombe viwili vya uji, anakunywa taratibu kama mgonjwa. Salamu tu, basi. Ukimya wa namna hiyo una jambo.

Njia ya kawaida ni kutuma mshenga. Sitaki. Mshenga ataanza kwa kuulizwa mke wa kwanza alikwenda wapi.

Jumatano, 4 Juni

Mungu si Athumani! Dereva mmoja Mzambia, aliyekwama siku ya nne kwenye foleni ya mpakani, kaniachia flashi yenye picha ya sinema ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mapenzi ya watu wazima. Fundi saa na mwanamke mshonaji, wote wapweke, wanakula hoteli moja kila siku, meza mbalimbali, miaka inakwenda. Fundi saa ana upara na hana maneno. Mwenye hoteli ana maneno, anacheka kwa sauti, naye anamtaka yule mwanamke.

Mwenye upara ni Asajile mtupu. Mwenye hoteli ni mimi, ukiondoa tumbo.

Kasoro ni moja: mwanamke anamchukua mwenye upara. Hilo nitalirekebisha. Miaka ishirini natafsiri picha bandani. Kiingereza nasikia nusu, nusu natunga, na hajawahi kutokea mtu wa kulalamika. Nani atajua? Mwenye upara nitamfanya mwizi. Mwenye hoteli nitampa maneno yangu yote ya moyoni, na Enesi atayasikia kwa sauti yangu mwenyewe, kwenye maiki.

Kesho saa nane mchana, bure. Nimemwalika Enesi. Nimemwalika na Asajile, ajisikie.

Alhamisi, 5 Juni

Vijana waliingia, wakauliza kama kuna vita, wakatoka. Walibaki madereva watatu wa kwenye foleni, Mama Ketrina mzee wa kanisa, Asajile benchi la nyuma, na Enesi. Amevaa kitenge kipya! Nilimpa kiti chenye mto, mbele kabisa, sikio lake karibu na spika ya picha ili asipitwe na kitu.

Sijawahi kutafsiri vile. Mwenye upara akifungua mdomo tu, namtwika kosa. Kaiba vijiko. Ana wake wawili Mkwajuni. Mkewe wa kwanza alikufa kwa kuchoshwa naye. Madereva walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mwenye hoteli kila akizungumza nikalegeza sauti, nikasema mwanamke mwenye umri wake anahitaji nyumba yenye mtu mchangamfu. Mwishoni mwenye upara alikwenda kwenye meza ya mwanamke, akasema maneno mengi kwa mara ya kwanza, naye akamshika mkono. Nikasema anaungama wizi, na mwanamke anamsamehe kabla polisi hawajafika.

Enesi alikuwa analia. Ushindi!

Asajile aliinamisha kichwa pale kwenye habari ya mke, hakuinua tena. Nilijisikia vibaya kidogo, nusu dakika hivi.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa suti nikaenda kwenye uji. Nikauliza kama alipenda picha. Akasema aliipenda sana, na kwamba alikuwa anasikia picha mbili kwa pamoja, ya kwangu na ya wenyewe.

Anajua Kiingereza. Chote. Kumbe Nakonde hawakumfundisha kuhesabu tu.

Akanieleza alichosema mwenye upara mwishoni. Alisema supu ya hoteli ile hakuipenda hata siku moja. Aliinywa miaka mitatu kwa sababu ilikuwa inachelewa kupoa, akapata muda wa kukaa chumba kimoja na yule mwanamke. Akaniuliza mtu aliyekaa kimya miaka mitatu amenikosea nini mpaka nimnyang'anye maneno yake siku anayoyapata. Akauliza pia kama najua Asajile alimuuguza mkewe miezi kumi na minne. Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

Nikasema nilifanya kwa ajili yake. Akasema anajua, na hapo ndipo panapomuuma. Kitenge alikivaa kwa ajili yangu. Mlango wangu amekuwa akiuangalia tangu masika, nilipougua malaria nisionekane siku mbili. Na baada ya Mika, hawashi moto mpaka auone umefunguliwa. Alikuja bandani kunisikiliza. Akasema kama ningetamka yale maneno ya supu yalivyo, kwa kinywa changu, mbele ya watu, asingekuwa na cha kusubiri tena.

Kumbe lilikuwa si shati.

Akaendelea, kwa upole kabisa, kwamba jana wakati wa kutoka alimuuliza Asajile kama anapenda uji. Asajile akajibu hapana, tangu utoto unamkinaisha.

Nilisema basi ni mnafiki. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Enesi akachukua kikombe changu, akakisuuza.

Jumapili, 29 Juni

Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa kanisani. Asajile na Enesi. Enesi amehamishia sufuria zake mbele ya karakana ya mbao.

Asubuhi nafungua mlango, getini hakuna mtu. Siku hizi naufungua kwa kishindo. Jana niliufunga nikaufungua tena. Chumba cha Mika hakijapata mpangaji. Nikizima redio nasikia bati linavyolia likipata jua.

Lakini nisikate tamaa! Baada ya ibada kulikuwa na kikao cha harusi. Enesi hakuwepo. Mhubiri ni mtoto wa shangazi yake, mchungaji kutoka ng'ambo, hajui Kiswahili, atahubiri kwa Kiingereza. Wanahitaji mkalimani wa kusimama naye madhabahuni. Watu wakatazamana. Nikanyoosha mkono.

Mama Ketrina akaniuliza kama nitayasema maneno ya mchungaji kama yalivyo. Nikaapa. Wakakosa mwingine, wakaniandika.

Nimeanza kutunga. Mchungaji akimsifu bwana harusi, nitasema anamwonya bibi harusi. Akifika kwenye subira, nitaweka ile habari ya supu, ila nitaitia kama yangu, nikimtazama Enesi usoni. Bado anaweza kughairi. Mwanamke analia kwenye picha, hatalia kanisani?

Na safari hii hakuna wa kunikamata. Nimeulizia vizuri: wageni karibu wote si watu wa hapa, wanatoka Nakonde.