Asante, Oda Yako Imepokelewa

Jumatatu, 4 Machi
Tovuti ya keki za shangazi iko hewani! Nimeiandika mwenyewe, kwa Python, mimi nisiyeweza hata kuagiza soda bila kugugumia. Shangazi kasema nikimletea oda hadi Jumamosi, kompyuta ya duka ni yangu likizo nzima. Nisipoleta, kuosha masufuria ni kazi yangu.

Binamu, tunayemwita Mkaguzi, kaifungua kwa simu, kaagiza keki. Ukurasa mweupe, namba 500: seva imeshindwa. Kacheka hadi kakaa chini. Eti hiyo 500 ndiyo bei?

Jumanne, 5 Machi
Mkaguzi kaniambia nisome kumbukumbu za seva, kosa limeandikwa mle. Nimechungulia. Kiingereza nasoma shuleni, lakini hiki kinafoka!

Nimepata dawa! Programu nzima nimeizungushia try na except, mtego wa Python wa kudaka makosa. Likitokea kosa lolote, linamezwa kimyakimya, na mteja anaona maua na maneno "Asante! Oda yako imepokelewa." Nimejaribu tena na tena. Asante tupu! Funika kombe mwanaharamu apite.

Alhamisi, 7 Machi
Dada wa duka la vitambaa kamwambia shangazi kwamba tovuti yetu ina adabu kuliko wauzaji wengi. Nilisikia yote, nimejibanza nyuma ya friji. Ina adabu!

Shangazi kauliza mbona hajaona oda hata moja. Nikamjibu wateja wa mtandaoni huanza kwa kushukuriwa.

Jumamosi, 9 Machi
Yamenifika! Bibi harusi kaja kuchukua keki yake ya ghorofa tatu. Keki ipi? Nyuma yake dada wa vitambaa, kafuata ya mama yake. Kila mmoja kashika simu, kila mmoja kashukuriwa.

Mkaguzi kachungulia kumbukumbu. Sikuunda jedwali la kuhifadhia oda. Seva ilikuwa ikililia jedwali hilo tangu Jumatatu, nami nikaiziba mdomo.

Shangazi kapandanisha keki zote za kabatini, kazipaka krimu, kampa bibi harusi bure. Mimi kanipa steelwire ya kusugulia masufuria.

Jumapili, 10 Machi
Masufuria. Mkaguzi kanieleza taratibu: kosa liandikwe, mwenye tovuti ajulishwe, mteja aombwe radhi. Kweli kabisa! Jedwali nimeunda. Na makosa yote sasa yanatumwa kwenye simu ya Mkaguzi, usiku na mchana.

Ila hilo neno samahani linatisha wateja. Nimeandika "Asante SANA."

Shangazi kapaza sauti toka dukani, eti masufuria yameisha? Nimemjibu ombi lake limepokelewa.