Mahari ya Boti

Jumatatu, 9 Juni

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: lifunge. Ukishindwa, basi lisome ukiwa peke yako, na usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Madam Chelangat, mkuu wetu hapa ofisi ya bwawa, Kitale. Nina miezi sita kazini. Ijumaa anaamua kama nitaandikwa kazi ya kudumu au nitarudi nyumbani kukamua ng'ombe.

Kosa lenyewe ni dogo. Kwenye ripoti ya boti ya uokoaji niliandika kwamba inakimbia kilomita thelathini na nane kwa saa. Sikuwa nimeipima. Lakini Levi, karani wa ofisi ya Bungoma, mwenye boti kama yetu na injini kama yetu, aliandika thelathini na sita. Ningefanyaje? Niliongeza mbili tu.

Leo Madam ameniita. Amesema namba ile imemfurahisha mno, na kwamba Ijumaa atapanda boti yeye mwenyewe, na simu yake inayopima mwendo. Nikasema karibu sana, Madam. Nikatoka. Nikajigonga mlangoni.

Saa kumi nimeipima kwa siri. Ishirini na saba!

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: uzito. Nimetoa nanga, makasia, ndoo na kiti cha katikati. Sanduku la huduma ya kwanza nimelitoa, nikaogopa, nikalirudisha, nikatoa bandeji tu. Majaketi ya kuelea sikuyagusa. Yaani, niliyagusa: nilivaa mawili. Mwendo: ishirini na nane.

Mpango wa pili: utelezi. Nimeipindua boti, nikaisugua tumbo, nikaipaka mafuta ya kupikia, mkebe mzima. Cheruiyot, askari wa geti, akaja akauliza ati leo tunaikaanga ama tunaichemsha. Nikamwambia ni utaalamu wa ng'ambo. Akasema sawa, karani, nimwite ikiiva. Nilipokwenda kunawa, mbwa wawili wakalamba upande wote wa kushoto.

Mwendo: bado ishirini na nane. Ila sasa inavuta kulia.

Levi amenipigia simu. Niaje, Thelathini na Nane, habari ya huko? Ndilo jina langu Bungoma nzima. Nimemwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumatano, 11 Juni

Kuna msichana anaitwa Nasambu. Anauza dawa za mifugo duka la mkabala na ofisi yetu. Tumekunywa chai mara mbili. Mara ya pili alinikatia nusu ya mandazi yake. Sijamwambia mtu.

Baba yake, Fundi Wakhungu wa Bumula, alitengeneza injini za boti ziwani miaka ishirini. Siku hizi anatengeneza mashine za kusaga mahindi. Nasambu alinipa namba yake. Asubuhi nikamtumia picha za injini ikiwa imening'inia kwenye boti, nikajitambulisha kwa heshima, nikataja nani alinipa namba. Saa sita jibu likaja. Nalinakili lilivyo:

"Kijana nimeona. Pangaboi ya injini ni nzuri. Shida yako ni mahari. Mahari iko chini sana. Panda juu kidogo tu utashangaa. Kesho kuja na watu wawili wenye nguvu tuinue pamoja. Usichelewe."

Nimelisoma nimesimama. Nimelisoma nimekaa. Nimelisoma chini ya meza. Mahari! Kwa hiyo anajua habari za chai. Anajua habari za mandazi! Na ati iko chini sana. Bila shaka iko chini, sijatoa hata kuku. Mzee hana makosa. Mtihani wa Kiswahili nilipata A, neno haliwezi kunipita: bila mahari, hakuna mwendo.

Nimempigia baba mdogo Kipkirui, mzee wa kanisa. Nimempigia shangazi Chepkosgei, ambaye aliwahi kusimamisha lori kwa sauti tu. Watu wenye nguvu ndio hao. Baba mdogo amesema ng'ombe mtamba mmoja mwekundu atatosha kufungua mazungumzo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Madam naenda kutafuta utaalamu. Tumekwenda kwa pikapu ya baba mdogo: yeye ndani ya suti, mtamba nyuma amesimama. Shangazi alianza kuimba tulipofika Webuye. Bungoma mtamba akawa anaitikia.

Fundi Wakhungu alikuwa uani amevaa ovaroli, spana mkononi. Akatazama suti. Akatazama mtamba. Akauliza injini iko wapi.

Baba mdogo anajua lugha ya shughuli hizi. Akainama, akamwonyesha mtamba, akasema injini ndiyo ile, na nyumbani ziko zingine. Fundi akauliza hiyo ina nguvu za farasi ngapi. Baba mdogo akasema hapana, mzee, hapo hakuna farasi, ni ng'ombe mtupu.

Fundi akanigeukia mimi. "Bana, mimi si nilikuandikia mahari? Mahari!" Akapiga ukuta kwa spana, usawa wa kiuno. "Hapa! Mahari injini inakaa!"

Shangazi akaacha kuimba katikati ya neno.

Mahali. Mahali! Herufi moja. Na kila siku ofisini nazisahihisha herufi hizo hizo kwa kalamu nyekundu.

Mama Agneta, mkewe fundi, alikuwa ameusikia wimbo na tayari ameshachinja kuku. Akampigia Nasambu simu, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Nasambu akauliza nani huyo anamuoa na yeye yuko dukani anauza dawa ya kupe. Akasema kama nina neno, nimuulize yeye, si baba yake, na si kwa ng'ombe. Nikasema sawa. Sikumuuliza. Watu walikuwa wengi.

Tulipomaliza kuku, fundi akafuta machozi ya kicheko, akanieleza. Injini imefungwa chini sana kwenye ubao wa nyuma, kwa hiyo maji yanaivuta mguu. Niweke kipande cha ubao, niipandishe vidole viwili, mpaka kile kibati kilicho juu ya pangaboi kiwe sawa na tumbo la boti. Na abiria akae mbele kidogo, pua isiruke. Basi!

Mtamba alikataa kupanda pikapu. Alikuwa ameshapapenda.

Ijumaa, 13 Juni

Vidole viwili. Cheruiyot ameshika injini, mimi nimeweka ubao, tumekaza.

Madam akaja na simu. Nikamwomba asogee mbele kidogo. Akauliza kama namaanisha yeye ni mzito. Nikasema hapana, Madam, boti ndiyo nyepesi. Tukaondoka. Thelathini. Thelathini na nne. Thelathini na sita! Ikakaa hapo hapo.

Madam akaitazama simu. Akanitazama mimi. Nikafumba macho nikaungama yote: kwamba sikupima, kwamba niliandika kwa wivu. Akaizima simu, akaitia mfukoni. Kisha akasema thelathini na sita ni mwendo mzuri, kazi ni yangu, nijaze fomu leo hii, ila nisiandike tena kitu nisichokijua. Nikaapa, machozi yananitoka.

Jumamosi, 14 Juni

Jana nilijaza fomu. Ukweli mtupu! Jina, Kimutai. Tarehe ya kuzaliwa, kweli. Magonjwa, hakuna, isipokuwa woga. Swali la kumi na nne: je, mwajiriwa anajua kuogelea?

Nilifikiri sana. Ni ofisi ya bwawa. Nani huajiri mtu wa bwawani asiyejua kuogelea? Nikaandika: "Hodari." Nafasi ikabaki. Nikaongeza: "Pia hufundisha."

Madam amepiga simu asubuhi hii, furaha tele. Jumatatu naanza kuwafundisha wafanyakazi wote, upande wa kina kirefu.

Kwa hiyo wewe msomaji, kama unajua kuogelea, usipige simu ofisini. Zunguka nyuma ya stoo, dirisha la tatu kutoka kwenye tangi. Gonga mara mbili, kisha mara moja. Sema umeleta sampuli za maji. Nisipoitika nimeweka kichwa ndani ya beseni, najifunza kubana pumzi. Gonga kwa nguvu zaidi. Nipo hapo mpaka kesho jioni.